Heshima Isitufunge Mdomo
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Baltimore, Maryland, Novemba 2025

   

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 9 sebuleni kwa mwenzetu. Tulikuwa na daftari moja la shule na kopo la biskuti la kuwekea pesa, na kila mmoja alitoa dola 20 kwa mwezi. Leo tuko 31. Wapo waliotoka Tanzania, wapo wa Kenya, wapo wa Kongo na Burundi. Tumekopeshana, tumezikana, tumeozeshana watoto. Hesabu za miaka 10 ameziandika mhazini katika kijitabu hiki na mimi sitazirudia. Yeye anazijua vizuri kuliko mimi.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya mafanikio yetu. Nilikubali, ila niliomba ruhusa niseme pia juu ya mahali tulipoanguka. Mtu akisimulia safari yake akaruka lile shimo alilotumbukia, hajamsaidia anayekuja nyuma yake. Shimo letu lilikuwa kadi za zawadi. Na mwaka huu, tarehe 1 Juni 2025, sheria mpya ya jimbo letu la Maryland kuhusu kadi hizo imeanza kutumika, kwa hiyo nimeona leo ndiyo siku ya kulisema jambo hili mbele ya wote.

Kwa wazee wetu na wale waliofika karibuni, nieleze kwanza kadi ya zawadi ni kitu gani. Ukiingia katika maduka ya hapa, hata duka la dawa, utaona rafu imejaa kadi za rangi rangi zinaning'inia. Unachagua moja, unampelekea keshia, unalipa dola 50 au 100 au 500, naye anaipitisha kwenye mashine. Basi ile kadi imekuwa na pesa ndani. Nyingine ni za duka moja tu. Nyingine zina nembo za zile kampuni kubwa za kadi za benki na unaweza kununulia popote. Kwa nyuma kuna namba, na namba ya siri imefunikwa, mpaka ukwangue.

Mnakumbuka vocha za simu kule nyumbani? Unakwangua kwa ukucha au kwa sarafu. Mtu akiwa Mwanza akikusomea namba na wewe uko Dar es Salaam, vocha ni yako, yeye amebaki na karatasi. Kadi ya zawadi ni hivyo hivyo. Aliyepata namba ndiye aliyepata pesa. Ndiyo maana matapeli wanazipenda kuliko hundi, kuliko hata pesa za kutuma. Ukishamsomea namba, au ukampigia picha ukamtumia, anaweza kuzitumia dakika ile ile, na kuzirudisha ni kazi ngumu sana.

Sasa niwasimulie yetu. Mwenyewe yupo hapa ukumbini na amenipa ruhusa, ila jina lake silitaji.

Ilikuwa mwaka 2022, mwezi wa pili. Mwenzetu huyo alikuwa ameshika dola 1,200 za mfuko wa faraja, kwa sababu mhazini alikuwa amesafiri kwenda msibani. Asubuhi akapata ujumbe kwenye simu. Namba ngeni, lakini picha ni yangu, ile niliyopiga kwenye harusi ya binti yangu nimevaa kitenge cha bluu. Ujumbe unasema: mimi ni mwenyekiti, niko kwenye kikao siwezi kupokea simu, kuna mwenzetu amelazwa hospitali na ninataka kumsaidia kwa kadi za zawadi. Nunua, kwangua, nitumie picha za namba. Nitakurudishia jioni. Usiwaambie wengine kwanza.

Ujumbe wote ulikuwa Kiingereza, tena Kiingereza kilichonyooka. Jamani, mimi wote mnanijua. Niliishia darasa la saba, na tangu kikundi kianze sijamwandikia mwanachama hata mmoja kwa Kiingereza. Nilipomuuliza baadaye, "Mama, hukushangaa?" akaniambia, "Nilifikiri binti yako ndiye aliyekuandikia."

Akaenda duka la kwanza akanunua kadi za dola 500. Akatuma picha. Ujumbe ukarudi: asante, ongeza kidogo. Akaenda duka la pili, akanunua za dola 400. Ukarudi tena. Duka la tatu, dola 300. Kule duka la tatu keshia, msichana mdogo, alimtazama akamuuliza, "Mama, hizi kadi ni za nani? Kuna mtu amekupigia simu kukwambia ununue?" Mwenzetu akajibu, "Ni za mwanangu." Alisema uwongo kwa sababu mwenyekiti wake alimwambia asimwambie mtu. Yule msichana hakuwa na la kufanya zaidi. Jioni mwenzetu akanipigia simu kuniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamuuliza, mgonjwa gani?

Nitarudi kwenye habari hiyo, kwa maana haikuishia hapo. Ngoja kwanza nieleze wizi wa pili, kwa sababu sheria yetu imelenga pande zote mbili.

Wizi wa pili hauhitaji mtu akupigie simu. Mwaka 2024, mwezi wa sita, mwanachama wetu mwingine alinunua kadi ya dola 200 kumpa mpwa wake aliyemaliza shule ya sekondari. Hakuambiwa na mtu, hakumsomea mtu namba. Kijana alipokwenda kununua viatu, keshia akasema kadi haina kitu, ni sifuri. Fikirini aibu ile. Kijana akadhani shangazi amempa kadi tupu, na shangazi akadhani kijana ameshaitumia anajifanya hajui. Karibu undugu uvunjike kwa ajili ya viatu.

Kumbe wezi walipita kabla yake. Wanazichukua kadi kwenye rafu, wanazifungua taratibu, wananakili namba na namba ya siri, wanazifunga tena kwa gundi na kuzirudisha dukani kama hazijaguswa. Kadi wakati huo haina pesa bado. Wao wanangoja. Wana programu za kompyuta za kuangalia salio kila mara. Siku wewe ukilipia, pesa ikiingia tu, wao wanaichota. Wengine wanabandika alama nyingine ya mistari juu ya ile ya kadi, ile ambayo keshia anaipitisha kwenye mashine, ili pesa yako iingie kwenye kadi waliyo nayo wao. Wizi huu umekuwa wa magenge makubwa, mpaka serikali kuu ya Marekani, kupitia idara yake ya Usalama wa Ndani, ilianzisha operesheni maalumu mwishoni mwa mwaka 2023 kuwafuatilia.

Mwaka huo huo wa 2023, Tume ya Shirikisho ya Biashara, ambayo wengi mnaisikia kwa herufi FTC, ilipokea taarifa za watu waliopoteza jumla ya dola milioni 217 kwa matapeli kupitia kadi za zawadi. Milioni 217! Na hao ni wale waliojitokeza kusema. Sisi hatukusema. Zile dola 1,200 zetu hazimo katika hesabu ya mwaka wowote, kwa sababu tuliona aibu kuripoti.

Sasa sheria. Inaitwa Sheria ya Kuzuia Utapeli wa Kadi za Zawadi. Baraza la kutunga sheria la Maryland liliipitisha mwaka 2024, Gavana Wes Moore akatia saini, na kama nilivyosema imeanza kutumika tarehe 1 Juni 2025. Maryland ndilo jimbo la kwanza Marekani kuweka sheria ya namna hii juu ya ufungaji wa kadi. Binti yangu alinisomea, mimi nikawa namuuliza neno kwa neno. Nitawapa yale mawili makubwa.

La kwanza ni kifungashio. Kadi, hasa zile za kununulia popote, hazitakiwi kuuzwa tena zikiwa wazi wazi au kwenye karatasi inayofunguka kirahisi. Zinatakiwa ziwe ndani ya kifungashio salama, kinachoficha namba zote, na ambacho mtu akikichokonoa alama inabaki ikionekana. Ni kama vile chupa ya dawa ikiwa imefunguliwa unaona kabisa, huinunui.

La pili ni mafunzo. Wenye maduka wanatakiwa kuwafundisha wafanyakazi wanaouza kadi hizi namna ya kutambua utapeli na namna ya kuushughulikia, kwa mwongozo wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Maana yake, yule msichana aliyemuuliza mwenzetu mwaka 2022 aliuliza kwa moyo wake tu. Leo anayeuliza amefundishwa. Kwa hiyo wanangu, keshia akikuuliza kadi ni ya nani, usikasirike, wala usifikiri anakudharau kwa sababu ya rangi yako au lafudhi yako. Anafanya kazi aliyofundishwa. Mjibu ukweli.

Majimbo mengine nayo yana njia zao. New York inawataka wenye maduka kubandika tangazo la onyo pale kadi zinapouzwa, ili mnunuzi alione kabla hajalipa. Texas imekwenda upande wa jinai. Tangu Septemba 2025 ina sheria inayolenga moja kwa moja wizi wa kadi za zawadi na namba zake. Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tuna ndugu katika majimbo hayo. Wapigieni simu muwaulize wanajua nini. Sheria za hapa ni za jimbo kwa jimbo, kinga uliyo nayo Baltimore usidhani ndugu yako anayo popote alipo.

Lakini, wanachama wenzangu, nataka tuelewane vizuri. Sheria hii ina walinzi wawili, kile kifungashio na yule keshia. Kifungashio kinazuia mwizi wa kwenye rafu. Hakimzuii mwizi wa kwenye simu, kwa maana wewe mwenyewe ndiye utakayekifungua na kukwangua. Na keshia anaweza kuuliza, lakini ukimdanganya, atafanyaje?  Kwa hiyo mlinzi wa tatu ni sisi, na mlinzi huyo mwaka 2022 alikuwa amelala. Au niseme alikuwa macho, ila mdomo umefungwa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Yule tapeli hakumshinda mwenzetu kwa ujinga. Mwenzetu ana akili kuliko wengi wetu hapa, kalea watoto wanne kwa kazi ya usiku. Alimshinda kwa heshima yake. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, unatenda. Humuulizi mkubwa maswali. Mwizi hatujui, lakini aliiona picha yangu na cheo changu, akatumia utii ule ule tunaojivunia. Na kule makanisani na misikitini ni hivyo hivyo, wanatumia jina la mchungaji au la imamu.

Wengine wanatumia woga badala ya heshima. Wanapiga simu wakisema ni ofisi ya kodi, au uhamiaji, au polisi, au kampuni ya umeme, na usipolipa saa hii kwa kadi utakamatwa. Sikieni vizuri, na mkawaambie majirani: hakuna ofisi ya serikali hapa Marekani inayodai malipo kwa kadi za zawadi. Hakuna. Si kodi, si uhamiaji, si mahakama, si dhamana. Ukisikia neno kadi katika sentensi moja na neno deni, kata simu.

Nirudi sasa kwa mwenzetu. Tulipokutana Jumamosi ile, badala ya kumfariji, tulimweka katikati kama mshtakiwa. Na mimi ndiye niliyeongoza. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Tuliamua alipe zote 1,200. Alilipa, dola 100 kila mwezi, miezi 12, hakuchelewa hata mwezi mmoja. Alipomaliza ile ya mwisho, akaweka kijitabu chake mezani, akatuaga, akaondoka. Zaidi ya miaka miwili hakuja.

Nikajiambia ni kanuni. Lakini lile jambo la mpwa na viatu lilipotokea mwaka 2024, tulimpa pole yule aliyeibiwa. Tulimsaidia kutafuta risiti, tukampigia kampuni ya kadi simu naye pamoja, na baada ya wiki kadhaa wakambadilishia. Usiku ule sikulala. Wote wawili waliibiwa na wezi wa kadi. Mmoja tulimpa pole na mwingine tukampa deni. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwenda nyumbani kwake na wajumbe wawili wa kamati. Kikundi kimemrudishia pesa zake zote kutoka mfuko wa faraja, kwa maana msiba ule ulikuwa wa kwetu sote. Leo amekaa pale na wanachama. Dada yangu, nilikuomba radhi nyumbani kwako, na leo nakuomba radhi mbele ya watu, kwa sababu nilikuaibisha mbele ya watu.

Basi tumejiwekea utaratibu wetu, na nimeomba uchapwe katika kijitabu hiki kila mtu aende nao nyumbani.

Kwanza, kikundi hiki hakinunui kadi za zawadi kwa jambo lolote. Ukipata ujumbe wa kununua kadi kwa jina langu, la katibu au la mhazini, ujue ni mwizi, hata picha ikiwa yangu.

Pili, ombi lolote la pesa za kikundi lithibitishwe kwa sauti. Piga ile namba yangu unayoijua siku zote, usipige iliyokuandikia. Nikiwa kikaoni, pesa itangoja. Hakuna mgonjwa aliyekufa kwa kukosa kadi ya duka.

Tatu, neno "usimwambie mtu" kwetu sasa lina maana ya "mwambie mtu haraka". Mwambie binti yako, jirani, keshia, yeyote.

Nne, ukinunua kadi ya kumpa mtu, na sikukuu ndiyo hizo zinakuja, kagua kifungashio mbele na nyuma. Ukiona gundi imerudiwa, karatasi imepasuka au alama ya mistari imebandikwa juu ya nyingine, iache na umwonyeshe mwenye duka. Tunza risiti pamoja na kadi yenyewe, na mwombe uliyempa aitumie mapema.

Tano, ukiibiwa, usikae nalo. Siku ile ile ipigie kampuni iliyotoa kadi, ukiwa na kadi na risiti mkononi, uwaombe waizuie. Kisha ripoti FTC, na kitengo cha kulinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Maryland, pale St. Paul Place, hapa hapa mjini. Duka linalouza kadi bila kifungashio kinachotakiwa nalo unaweza kulipelekea malalamiko huko huko. Kama Kiingereza kinakusumbua, katibu atakwenda nawe. Kesho yake njoo utuambie sisi. Hatutakuweka katikati tena.

Mgeni rasmi, wafadhili wetu, nawashukuru kwa kutuchangia meza, viti na ukumbi huu. Nina ombi moja tu. Mlio na maduka au mnaofanya kazi madukani, wafundisheni vijana wenu wa kaunta kuuliza lile swali kwa upole, na kama mteja ni mama wa kwetu, waulize mara mbili. Mara ya kwanza atasema ni za mwanangu.

Wanachama wenzangu, yale mambo ya kopo la biskuti tumeyaacha, siku hizi pesa yetu iko benki na ina saini tatu. Lakini kitu kilichotukutanisha mwaka 2015 hakikuwa pesa. Tulikuwa wanawake 9 tuliokuwa tunaogopa kuishi peke yetu katika nchi ya watu, tukitafuta mtu wa kumwambia shida zetu. Tuendelee kuambiana. Nami mwenyekiti wenu, nikiwaagiza jambo msilolielewa, niulizeni. Niulizeni hata mara tatu. Sitaona kama mmenivunjia heshima.

Mungu awabariki, Mungu akibariki kikundi chetu.  Pilau iko tayari.